Kuku Asiyekuwemo Kwenye Filamu

Dilala, Kolwezi, 16 Septemba 1973

Kwa Tatu mukaji Mianda, Tenke

Moyo, Tatu mukaji. Ninakuamkia wewe kabla ya mtu mwingine yeyote wa Tenke, kwa sababu wewe ndiye dada pekee wa baba, na ukisahauliwa kidogo tunasikia habari yake mwaka mzima. Mama ndiye aliyesema nianze hivyo. Mimi nisingethubutu.

Sisi tuko wazima. Wiki hii baba ana zamu ya asubuhi; anarudi saa tisa, anakula, analala na viatu. Mama amepanda mahindi nyuma ya nyumba na anagombana na mbuzi wa jirani. Mdogo wangu Tshibola ameng'oka meno mawili ya mbele na anaonyesha pengo kwa kila anayepita.

Habari yangu ni hii. Nilimaliza masomo mwezi wa saba, unajua. Wiki iliyopita nilienda kuomba kazi ya kufundisha darasa la kwanza. Directrice, mkuu wa shule, Mama Kisimba, aliisoma diploma yangu akafurahi. Kisha akanipeleka mbele ya watoto hamsini akasema, "Waambie hadithi yoyote." Nikasimama. Sauti haikutoka, Tatu mukaji, hata kidogo. Mtoto mmoja akamwambia mwenzake, "Huyu mwalimu ni photo." Directrice hakukasirika. Alisema mwalimu wa darasa lile atakwenda kujifungua mwezi wa kwanza, nirudi wakati huo nijaribu tena. Mara ya tatu haipo, atampa mwingine. Baba anajua tu kwamba "wananifikiria". Tafadhali uiache hivyo.

Sasa sinema. Umeniandikia kwamba kamati ya ukumbi wa reli imewaachia ninyi akina mama kuchagua filamu mpaka Noeli, na kwamba Tata Mbayo, aliyekuwa akichagua zamani, anangoja mkosee. Filamu zinaonyeshwa kwetu Jumamosi saa kumi na mbili, halafu makopo yanapanda treni kuja kwenu. Basi mimi nitaona kwanza na wewe utachagua baadaye. Nitasema kwa ufupi, na nitasema kweli.

Ile ya wapanda farasi wanaogombea kisima: inafaa. Yule mwenye kofia nyeupe ni wa mkono wa kushoto, lakini ana haraka kuliko wote. Farasi wanaigiza vizuri kuliko watu. Leteni watoto.

Ile ya mfalme anayeoa mapacha bila kujua: ina nyimbo kumi na moja, nilihesabu. Mama aliyekaa karibu yangu alifuma kofia nzima ya mtoto. Inamfaa mtu mwenye kazi ya mikono.

Ile ya vita: ndege zinaanguka, watu wanapiga kelele, mwishoni wanapeana mikono. Haifai. Tata Mbayo ataipenda.

Ni mimi mtoto wako,
Tshiela


Tenke, 9 Oktoba 1973

Mwana wanyi Tshiela,

Eyo, moyo nimeupokea. Uambie mama yako nimesikia maneno yake mu kalamu yako, na nitamujibu siku tutaonana uso kwa uso. Huku tuko muzima. Bwana yangu, Tata Kazadi, angali kazini ku gare. Treni zinapita, yeye anapiga kengele, na bilauri zangu zinatetemeka mu kabati. Tumezoea. Siku treni inachelewa, mi ninashindwa kulala muchana.

Unaandika Swahili ya Biblia, mutoto. Nilisoma barua yako mbele ya bamama ya kamati, mumoja akajibu "Amina".

Tulichagua farasi. Weee! Batu balijaa mpaka ku madirisha. Mama Pasta, ule mwenye hacheki hata ukimutekenya, alipanda juu ya benchi. Tata Mbayo alikaa nyuma, mikono imefungwa. Nikamuuliza, "Tata, namna gani?" Akasema, "Farasi ni wazuri. Bamama bamechagua farasi, habakuchagua sinema." Nikamuambia, "Basi shukuru farasi."

Kitu kimoja tu. Ulisema mwenye kofia nyeupe ni wa mukono wa kushoto. Mi nilitazama muzuri: anapiga na mukono wa kuume. Tata Kazadi vilevile anasema wa kuume. Pengine Kolwezi banawaonyesha mwengine.

Juu ya sauti: mi njo nilikushika siku ulizaliwa. Ulilia mpaka mulinzi wa maternité alikuja kuuliza nani anamupiga mutoto. Sauti iko. Inajificha tu fasi fulani. Kwa baba yako nitanyamaza, lakini kunyamaza si kazi yangu, basi fanya haraka.

Tuma zingine.

Tatu mukaji wako,
Mianda


Dilala, 21 Oktoba 1973

Moyo, Tatu mukaji. Bilauri zako zisivunjike, na Tata Kazadi asichoke na kengele. Huku mbuzi wa jirani amekula mahindi, mama amefunga vita, na baba ameamua kuhamia upande wa mbuzi kwa sababu jirani ni rafiki yake wa zamu. Chakula kinachelewa.

Kuhusu mkono wa yule mtu, labda mimi nilichanganya.

Filamu za mwezi huu. Ya mwizi anayejificha katika nyumba ya masista: inafaa nusu ya kwanza. Ukitoka wakati wa mapumziko, hujapoteza kitu.

Ya karate: mpishi anapigana na watu thelathini bila kumwaga supu. Inafaa, lakini baadaye muwaangalie vijana. Hapa Dilala watatu wamejaribu kupasua tofali, na tofali lingali zima.

Na sasa ninayoipenda kuliko zote. Imetoka nchi ya mbali, watu wake wanavaa nguo ndefu na lugha yao hapa hakuna anayeijua. Mzee mmoja ameibiwa kuku. Anakwenda nyumba kwa nyumba akiuliza, na kila mtu anatikisa kichwa. Kumbe binti yake mwenyewe ndiye aliyemla, mzima, na shingo yake, na sasa amelala kitandani hawezi kuinuka. Daktari anakuja, anamgusa tumbo, anainamisha kichwa: "Kuku yumo!" Ndugu wote wanalia kwa sababu hawakubakiziwa hata bawa. Tatu mukaji, watu walicheka mpaka muuza karanga aliyekaa karibu yangu akamwaga sahani yake yote. Mkimwona daktari, jitayarisheni.

Inafaa, inafaa, inafaa. Kama mna siku kubwa huko Tenke, iwe filamu ya siku hiyo.

Tshiela


Dilala, 11 Novemba 1973

Moyo, Tatu mukaji. Natumaini ni kazi nyingi tu. Tuko wazima wote, Tshibola anakuamkia na meno mapya.

Wiki tatu sijapata neno. Treni zinafika, nimemuuliza baba. Filamu ya kuku ilikuja? Watu walicheka? Wiki hii sisemi habari ya filamu yoyote mpaka unijibu, nisije nikawa ninaongea peke yangu.

Tshiela


Tenke, 22 Novemba 1973

Mwana wanyi,

Tuko muzima. Bilauri moja imekufa, ile ya maua. Salamu kwa mbuzi.

Barua yako ya mwisho ilikaa siku nyingi mu duka ya Mama Kanku, penye tunachukuaka barua, juu ku bahasha uliandika Adolphine. Jina ile ya kizungu tuliiacha wakati serikali ilikataza, mwana, na Mama Kanku ananijua Mianda tu. Akafikiri ni ya mutu wa Likasi. Lakini hata kama ingefika mbio, singejibu. Kwanza nilikuwa na haya, kiisha hasira, kiisha nikacheka, na ile kucheka ilikawia kufika.

Sikiliza. Niliambia Tenke nzima: kujeni, ni ya kucheka. Ilikuwa siku ya ubatizo, batu na nguo zao za muzuri. Huku hatuna mutu wa kusimama na kueleza sinema, kama mu miji fulani. Tunasoma Kifaransa yenye inaandikwa chini ya picha, na mwenye hajui kusoma, jirani anamusomea. Sinema ikaanza. Nikangojea kuku. Hakuna kuku. Muzee anatafuta dawa, Tshiela! Nyumba kwa nyumba anatafuta dawa ya binti yake, na binti anakufa kwelikweli.

Daktari akaingia. Na mi, juu nilikuwa nakuamini, nikacheka. Ha! Peke yangu mu ukumbi nzima. Mama Pasta akanishika bega, akanipa kitambaa yake, akasema polepole, "Pole, mama. Huzuni inakamata kila mutu kwa namna yake."

Na Tata Mbayo? Alivua tu kofia. Ile njo ilinichoma. Mwezi wa kumi na mbili kamati itakaa kuona kama tunaendelea kuchagua.

Sasa nimefikiri. Mukono wa kushoto. Kiisha weye, mutu wa diploma, hukusoma hata neno moja ya Kifaransa. Niambie bila kuzunguka: unakaa wapi mu sinema?

Mianda


Dilala, 28 Novemba 1973

Tatu mukaji,

Nilianza kuandika salamu mara tatu nikazifuta. Uzipokee zote tatu.

Ninakaa nyuma ya kitambaa.

Kwetu sinema inaonyeshwa uwanjani, juu ya kitambaa cheupe kilichofungwa kwenye nguzo mbili, na picha inapita mpaka upande wa pili. Huko wanakaa akina mama wenye watoto wachanga na wauza karanga. Mimi nilihamia huko baada ya siku ile ya darasa, kwa sababu wasichana niliosoma nao walijua, na kila wakiniona walikuwa wakiweka mkono nyuma ya sikio: "Tshiela, unasemaje? Hatusikii!" Nyuma hakuna anayenijua. Lakini wa kuume anakuwa wa kushoto, na maandishi yanakwenda kinyumenyume. Nilijaribu kuyasoma kichwa kikaniuma. Basi nilikuwa nikimsikiliza Tata Ngeleka tu. Yeye ndiye anayesimama mbele na mikro na kutuelezea filamu kwa Swahili. Sikujua kwamba anatunga. Wanaojua Kifaransa wanasoma na kumsikiliza pamoja, ndiyo maana wao wanacheka mara mbili.

Barua yako ilinifanya nilie, halafu nikafanya jambo ambalo sijawahi kulifanya. Nilimfuata Tata Ngeleka kazini kwake, kwenye karakana ya baiskeli, nikamwuliza kwa nini alidanganya. Alikuwa ameshika gurudumu. Akanitazama.

"Mutoto, weye mwenye banasema hana sauti, njo unaongea?"

"Ndiyo, tata."

"Batu banatoka mu mugodi tangu asubui, migongo inabauma. Mi nibaambie binti anakufa? Siku ya Jumamosi?" Akalizungusha gurudumu. "Nilitazama ile kitanda, nikasema, hapa panaomba kuku."

Nilimwambia kuhusu wewe na kitambaa cha Mama Pasta. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akasema nikuombe radhi kwa niaba yake, na kwamba angejua filamu zinatoka kwake kwenda Tenke, angewatumia ninyi pia kuku.

Mimi ndiye niliyekosa. Nilikuahidi kusema kweli kuhusu filamu, na sikuwa nimesema kweli kuhusu kiti changu. Mwambie Tata Mbayo ni kosa la mtoto wa Kolwezi, si la akina mama wa Tenke.

Tshiela


Tenke, 6 Desemba 1973

Mwana wanyi,

Usilie, wino inaharibika. Nilisoma barua yako mbele ya kamati nzima, banaume na bamama. Wakati nilifika ku "hapa panaomba kuku", Tata Mbayo alikohoa. Kiisha akakohoa tena. Kiisha akatoka inje, na tukamusikia akicheka ku gare, peke yake, kama treni inapanda mulima.

Sasa Tenke nzima inataka kuku. Banasema: tumelia bure, banatudai kicheko. Makopo ya ile sinema inarudi toka Likasi na itapita hapa siku ya mungu, tarehe kumi na sita. Kamati imesema hivi: kama tunawaonyesha na kuku, na batu banafurahi, bamama banaendelea kuchagua mwaka mupya. Kama hapana, Tata Mbayo anarudia vita yake.

Tata Ngeleka hawezi kuacha baiskeli zake, Tata Kazadi alimupigia telefoni ya gare. Mutu mwenye anajua habari yote ya kuku ni mumoja tu. Nimekwisha kuandikia baba yako kwamba ninakuhitaji juma moja. Panda treni ya Jumamosi.

Najua unauliza kama iko nafasi nyuma. Nyuma ya sinema yetu iko nafasi mingi sana, mwana. Unaweza hata kufuga ngombe.

Mianda


Dilala, 23 Desemba 1973

Moyo, Tatu mukaji.

Nimefika salama, na maandazi yamefika salama isipokuwa yale manne. Baba ameyasifu. Mama anasema nikuandikie nilivyoona mimi, kwa sababu wewe utasimulia kwa namna yako, na ya kwako itakuwa imefika Lubumbashi.

Ulinidanganya. Nilitembea ukumbi mzima nikitafuta kitambaa. Nikamwuliza Tata Kazadi, "Kitambaa kiko wapi?" Akajibu, "Kitambaa gani? Tunaonyesha ku ukuta." Ukuta, Tatu mukaji! Uliopakwa chokaa! Nikazunguka nyumba nikaona hiyo nafasi yako nyingi: uwanja, majani, na reli. Na wewe ulikuwa umesimama mlangoni ukichambua mchele, hunitazami.

Nilitaka kurudi kwa miguu. Nilikuwa nimeshika sanduku tayari. Ndipo Tata Mbayo akaja na ile koni ya bati wanayotumia kuitia wasafiri. Nilidhani atanicheka. Aliniwekea mkononi, akasema, "Shika, mutoto. Mi pia ninataka kuku."

Unakumbuka mwanzo wangu. "Tazameni, palikuwa na mzee aliyekuwa na kuku ampendaye…" Na yule baba wa benchi la tatu akapiga kelele, "Mama, hatuko mu misa!" Ukumbi ukacheka. Kitu usichokijua ni kwamba na mimi nilicheka, ndani ya koni, na kicheko changu kikatoka kikubwa kuliko cha wote. Nilikisikia kinarudi kutoka ukuta wa nyuma. Nikafikiri: kumbe hii ndiyo sauti yangu. Ni nene kidogo.

Basi nikasema, "Muzee ameibiwa kuku! Nani amekula kuku ya muzee?" na watoto wakajibu kabla ya filamu. Baada ya hapo sikumbuki kuogopa. Daktari alipoingia sikuweza hata kusema "Kuku yumo", mlilisema ninyi. Mama Pasta alilisema kwanza.

Mwisho ulinitesa kwa sababu huku Dilala Tata Ngeleka alikuwa ameuharakisha bila kuueleza. Wanambeba binti, wote wanalia, na watu wa Tenke wakanitazama. Nikasema, "Banamupeleka kwa bibi yake ku kijiji. Yeye peke yake njo anajua dawa ya shibe." Hilo ni langu mwenyewe. Nimemwambia Tata Ngeleka, amesema atalichukua.

Nimefurahi kwamba mtaendelea kuchagua, na kwamba Tata Mbayo ameomba kuwa kwenye kamati ya akina mama. Mpeni kazi ya kuziba madirisha.

Jana nilikaa mbele, benchi la pili. Filamu ni ya daktari wa meno aliyependa mwimbaji. Nilisoma maandishi yote. Haifai, lakini kama Tata Ngeleka angekuja Tenke, ingefaa.

Noeli njema kwenu wote.

Tshiela


Dilala, 10 Januari 1974

Tatu mukaji, moyo, moyo, moyo. Ninaanza kazi Jumatatu!

Baba amelala na viatu kama kawaida lakini anatabasamu. Mama amempelekea jirani sahani ya wali, na mbuzi amepewa maganda. Nimekuandikia kabla ya kuvua nguo ya shule.

Sikiliza ilivyokuwa. Directrice aliniingiza darasani asubuhi, akasema, "Nitarudi baada ya nusu saa," akafunga mlango. Watoto hamsini. Na mikono yangu ikaanza kutetemeka, vilevile kama mwezi wa tisa. Nilidhani Tenke ilikuwa imeniponya. Haikuniponya.

Mtoto wa mbele, msichana mwembamba anaitwa Mbuyu, akauliza, "Mwalimu, unatetemeka juu ya nini?"

Sikuwa na uongo tayari. Nikamwambia, "Kwa sababu ninyi ni hamsini na mimi ni mmoja."

Akafikiri. Akachukua kibao chake, akaondoka kwenye benchi, akaja kusimama karibu yangu akiwatazama wenzake. "Sasa muko babili," akasema.

Halafu akaja mwingine. "Tatu." Wakaanza kuhesabu, Tatu mukaji, kwa sauti, wenyewe, sikuwaambia. Kumi na tano, ishirini na nane, walipokosea nikawasahihisha, wakanyoosha, wakaendelea. Mpaka mabenchi yote yakabaki tupu na darasa zima likawa upande wangu, wamenishika sketi, na mimi katikati yao nimechuchumaa ninawaambia hadithi ya fisi aliyekwenda kuomba kazi ya kulinda nyama, kwa sauti ile nene, wanapiga kelele na mimi ninapiga kelele.

Directrice akafungua mlango. Akaona mabenchi matupu. Akauliza kwa ukali, "Mwalimu yuko wapi?"

Tukajibu wote, hamsini na mmoja: "Tuko huku!"

Mwalimu wako,
Tshiela